Faida Ipi Unayoigawanya?

Ukikaa na madalali wa hisa, iwe Dar es Salaam au Nairobi, chai haitapoa kabla hujamsikia mmoja wao akiuliza: hiyo hisa inauzwa mara ngapi ya faida yake? Ni swali zuri. Jibu lake ni uwiano wa bei na faida, wenyewe wanauita kwa kifupi P/E, na kwa mtu anayeanza kununua hisa hakuna hesabu nyepesi kuliko hii. Unachukua bei ya hisa moja sokoni, unaigawanya kwa faida ya mwaka mzima inayoangukia hisa hiyo. Hisa ya shilingi 1,000 yenye faida ya shilingi 100 inauzwa kwa mara 10. Basi.

Jioni hii nataka tukae na hesabu hiyo bila haraka, kwa sababu naona watu wengi wanaangalia namba ya juu na kuiamini ya chini bila kuihoji. Bei kila mtu anaiona, inatangazwa kila siku ya soko. Faida ndiyo ya kuulizwa maswali. Na kwenye kampuni za vyakula vya chupa, kopo na pakiti maswali hayo ni mengi kuliko watu wanavyodhani, maana hizi ni kampuni zinazosifiwa kwa utulivu. Watu watakula kesho kama walivyokula jana, ndivyo tunavyoambiwa, kwa hiyo faida yao haina mshangao.

Nikupe mfano mmoja wa nyumbani. Jirani yako ana mashine ya kusaga nafaka, anataka kukuuzia kwa shilingi milioni 30. Unamuuliza inaingiza kiasi gani. Anakujibu kwamba baada ya umeme, mshahara wa kijana wa mashine na kodi, zinabaki milioni 3 kwa mwaka. Hiyo ni mara 10: mambo yakienda hivyo hivyo, miaka kumi itakurudishia fedha yako. Sasa tuseme mwaka huo huo jirani aliuza kiwanja kilichokuwa nyuma ya banda, akapata milioni 4 na nusu, akaziandika kwenye daftari lile lile la mashine. Daftari sasa linaonyesha faida ya milioni 7 na nusu. Bei ni ile ile, na ghafla mashine inauzwa kwa mara 4 tu. Unaweza kukimbilia benki kuchukua mkopo! Lakini mashine haijasaga hata debe moja la ziada, na kiwanja kikishauzwa hakiuzwi tena mwakani.

Jambo hili limewahi kutokea kwenye kampuni kubwa mno ya chakula, Kraft Heinz ya Marekani, na tarakimu zake zipo wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza.

Jina la Heinz unalijua. Ingia kwenye supamaketi kubwa ya Dar es Salaam, nenda kwenye rafu ya tomato sosi. Pale karibu na Red Gold ya kwetu utaiona chupa ya Heinz, na kwenye lebo yake tarakimu 57, alama ambayo kampuni imeitumia kwa zaidi ya miaka mia moja. Imesafiri mbali, na bei yake inaonyesha hivyo. Hata hivyo kuna mtu ataichukua, ataiweka kwenye kikapu na kwenda zake bila kusoma bei ya chupa ya jirani. Hapo ndipo ilipo faida ya kampuni ya chakula cha viwandani. Nyanya, sukari na siki kila mtu anaweza kununua. Yule mteja asiyegeuza shingo ndiye mali yenyewe, na kumpata kulichukua muda: Heinz ilianza mwaka 1869.

Mwaka 2013 kampuni ya uwekezaji ya Berkshire Hathaway, inayohusishwa na jina la Warren Buffett, iliungana na 3G Capital, wawekezaji wenye asili ya Brazili, wakainunua Heinz kwa karibu dola bilioni 28 ukijumlisha na madeni. Julai 2015 wakaiunganisha na Kraft, kampuni ya jibini, soseji za Oscar Mayer na kahawa ya Maxwell House. Ikazaliwa Kraft Heinz, na hisa zake zikawa zinapendwa sana sokoni.

Twende mwisho wa mwaka 2017. Hisa moja ya Kraft Heinz iliuzwa kwa karibu dola 78. Kampuni ilipotoa hesabu za mwaka huo, faida kwa kila hisa ilikuwa dola 8 na senti 95. Gawanya. Unapata mara 8.7, yaani hata 9 haifiki. Kampuni yenye majina yanayokaa kwenye friji za Wamarekani vizazi na vizazi, inauzwa kwa chini ya mara 9! Mtu aliyeishia hapo angesema ameokota dhahabu barabarani.

Lakini karibu dola bilioni 7 kati ya faida ya karibu bilioni 11 ya mwaka ule hazikutoka kwenye tomato sosi wala jibini. Zilitoka kwenye sheria. Desemba 2017 Marekani ilipitisha sheria mpya ya kodi iliyoshusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi asilimia 21. Kraft Heinz, kama makampuni mengi, ilikuwa imeandika kwenye vitabu vyake kodi ambayo ingekuja kuilipa miaka ya mbele, na iliiandika kwa kiwango cha zamani. Kiwango kiliposhuka, deni hilo la kodi likapigiwa hesabu upya, likapungua, na upungufu huo kwa kanuni za uhasibu ukaingia kwenye faida. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Hakuna pia shilingi iliyoingia benki kwa sababu ya mstari ule. Ni kile kiwanja cha nyuma ya banda, tena hiki hakikuleta hata fedha taslimu.

Kampuni yenyewe ilitoa pia takwimu nyingine, faida iliyorekebishwa, ambayo huondoa mambo ya mara moja kama hayo. Hiyo ilikuwa dola 3 na senti 55 kwa hisa. Gawanya tena dola 78 kwa 3.55, unapata karibu mara 22. Kampuni ni ile ile, siku ni ile ile, na bei ile ile. Kwa hesabu moja ni ya bei poa, kwa nyingine ni ghali. Ndiyo maana dalali akinitajia P/E, mimi humuuliza kwanza amegawanya faida gani.

Hadi hapa pengine unasema, basi nitatumia iliyorekebishwa, nimemaliza. Subiri kidogo.

Mwaka 2018 faida iliyorekebishwa ya Kraft Heinz ilikuwa dola 3 na senti 53. Karibu sawasawa na mwaka uliotangulia, senti mbili tu pungufu. Bei ya hisa, kwa upande wake, ilishuka mwaka mzima hadi karibu dola 43 mwishoni mwa Desemba. Ukigawanya kwa faida ya mwaka huo, uwiano umetoka mara 22 hadi mara 12. Faida haijatikisika, bei imekaribia nusu: kwa kanuni ya kawaida hapo ndipo unaponunua. Tena wakati ule kampuni ilikuwa inalipa gawio la dola 2 na nusu kwa hisa kwa mwaka, karibu asilimia 6 ya bei. Wapo walionunua, na siwalaumu kwa kuvutiwa.

Tatizo ni kwamba faida ile ilikuwa imeshikiliwa na kodi. Tazama mapato yaliyorekebishwa kabla ya riba, kodi na uchakavu, kile kipimo kinachoonyesha biashara yenyewe inazalisha nini. Mwaka 2017 yalikuwa karibu dola bilioni 7.9. Mwaka 2018 yalikuwa karibu bilioni 7.1. Biashara ilipungua kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi, na kodi ikapungua pia, moja ikaifunika nyingine, na kwenye mstari wa chini kabisa mambo yakaonekana yametulia. Anayesoma mstari wa chini peke yake hakuona kitu. Mstari huo ndio tunaougawanyia bei tunapotafuta P/E.

Halafu ikaja Februari 2019. Tarehe 21, baada ya soko kufungwa, kampuni ilitangaza kwamba imefuta dola bilioni 15.4 za thamani vitabuni mwake, na sehemu kubwa ilihusu majina mawili, Kraft na Oscar Mayer. Gawio la robo mwaka likakatwa kutoka senti 62 na nusu hadi senti 40. Siku hiyo hiyo ikafahamika kwamba Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani ilikuwa inachunguza namna kitengo cha manunuzi kilivyokuwa kinaandika hesabu zake. Kesho yake hisa ikaanguka kwa asilimia 27 kwa siku moja, hadi karibu dola 35. Kwa mwaka mzima wa 2018 kampuni ikaonyesha hasara ya zaidi ya dola bilioni 10, na kampuni yenye hasara haina P/E ya kuzungumzia, maana hakuna faida ya kugawanyia. Siku chache baadaye Buffett alikiri hadharani kwamba waliilipia Kraft bei kubwa mno.

Hapa nataka nikae zaidi, kwa sababu hapa ndipo kampuni za chakula zinapotofautiana na nyingine. Kufuta thamani ya jina maana yake nini? Maana yake wahasibu wamekubali kwamba yule mteja wa rafuni ameanza kugeuza shingo. Wamarekani walikuwa wanahamia kwenye vyakula visivyosindikwa sana, na pia kwenye bidhaa zenye jina la duka lenyewe. Mwaka 2018 Kirkland, chapa ya maduka ya Costco iliyoanza miaka ya 1990, iliuza bidhaa za karibu dola bilioni 39. Kraft Heinz yote, pamoja na majina yake ya zaidi ya karne, iliuza za dola bilioni 26. Buffett mwenyewe ndiye aliyeweka takwimu hizo mbili pamoja, na sidhani kama kuna maelezo mafupi zaidi ya yaliyotokea.

Na ndani ya kampuni kulikuwa na nini? 3G walijulikana kwa kubana matumizi. Mtindo wao ni bajeti inayoanza sifuri: kila mwaka kila idara inatetea upya kila senti, kama vile jana haikuwepo. Viwanda vilifungwa, kikiwemo kile cha Oscar Mayer mjini Madison, na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Faida ikapanda haraka miaka ya mwanzo, na wachambuzi wakasifu. Sisemi kubana matumizi ni kosa. Kampuni inayomwaga fedha inamwibia mwenye hisa. Lakini fikiria jirani yako wa mashine akiacha kubadilisha nyundo na chekeche zilizochakaa. Mwaka huo faida yake inapanda, na uwiano wa bei kwa faida unashuka, na mashine inaonekana nafuu kuliko jana. Unga unaanza kutoka mnene, wateja wanaanza kuhamia kwa mwingine, na daftari litachukua muda kuwaonyesha walioondoka. Kwenye chakula cha viwandani nyundo na chekeche ni matangazo, utafiti wa ladha mpya, na uhusiano na wenye maduka. Vyote ni gharama ya leo kwa ajili ya mauzo ya kesho kutwa. Ukivikata, faida ya leo inapanda papo hapo.

Kwa hiyo mimi nikiona P/E ya kampuni ya chakula iko chini, namba ya pili ninayoitafuta ni mauzo, tena kwa wingi wa bidhaa, yaani katoni ngapi zimetoka. Bei ikipandishwa mauzo ya fedha yanaweza kukua huku katoni zikipungua. Kraft Heinz ilikaa kwenye zile bilioni 26 mwaka 2017 na 2018 pia. Faida ilikuwa inabadilika juu ya mauzo yaliyosimama, na hiyo peke yake ilitosha kumfanya mtu atulie kabla ya kununua.

Namba ya tatu ni deni. P/E haioni deni kabisa. Ukinunua mashine kwa milioni 30 na kumbe ina mkopo wa milioni 20 unaokuja nao, umenunua kitu cha milioni 50. Kraft Heinz mwishoni mwa 2018 ilikuwa na deni la karibu dola bilioni 31, wakati hisa zake zote kwa bei ya soko zilikuwa na thamani ya karibu bilioni 52. Deni kubwa namna hiyo ndilo lililowalazimisha kukata gawio. Mwenye hisa aliyehesabu mara 12 na kuridhika hakuwa amemhesabu mwenye kudai aliyesimama mbele yake kwenye foleni.

Kuhusu ule uchunguzi, ulimalizika Septemba 2021. Kampuni ililipa dola milioni 62, bila kukiri wala kukana tuhuma. Tume ilieleza kwamba tangu mwisho wa 2015 hadi 2018 kulikuwa na mikataba na wasambazaji iliyoandikwa kwa namna ya kuonyesha punguzo la gharama kabla ya wakati wake, na jumla yake ilifika dola milioni 208. Hesabu za miaka ya nyuma zilikuwa zimeshasahihishwa mwaka 2019. Kiasi hicho ni kidogo ukikipima na faida ya kampuni, lakini kinaonyesha msukumo uliokuwepo wa kuifanya faida iliyorekebishwa ifike pale ilipotarajiwa.

Msikilizaji mmoja hapo nyumbani anauliza: basi tuitupe hesabu hii? Hapana. Mimi naitumia kila mara. Ninachokataa ni kuipa mwaka mmoja tu wa faida. Benjamin Graham, mwalimu wa Buffett, kwenye kitabu chake kiitwacho The Intelligent Investor, alimshauri mwekezaji mwangalifu achukue wastani wa faida ya miaka mitatu, na asilipe zaidi ya mara 15 ya wastani huo. Tuijaribu kwa Kraft Heinz mwisho wa 2017, kwa faida zilizotangazwa bila kurekebisha chochote. Mwaka 2015, mwaka wa muungano, hasara ya senti 34 kwa hisa. Mwaka 2016, faida ya dola 2 na senti 81. Mwaka 2017, ile dola 8 na senti 95 yenye kodi ndani yake. Jumlisha, gawa kwa tatu: dola 3 na senti 81. Bei ya dola 78 inakuwa zaidi ya mara 20. Kanuni ya mzee yule, kwa kalamu na karatasi, ingekuzuia kununua hata kama hukujua lolote kuhusu sheria ya kodi ya Marekani.

Na kuna upande wa mbele. Faida tunayogawanyia ni ya mwaka uliopita, hisa tunanunua kwa miaka ijayo. Faida iliyorekebishwa ya Kraft Heinz kwa mwaka 2019 ilikuja kuwa dola 2 na senti 85. Aliyenunua Desemba 2018 kwa dola 43 akidhani analipa mara 12, kwa kweli alilipa mara 15. Kuhusu muungano wenyewe, Septemba 2025 kampuni ilitangaza mpango wa kugawanyika tena kuwa kampuni mbili, miaka kumi baada ya kuunganishwa.

Kwetu huku soko la Dar es Salaam lina bia, sigara, saruji na benki zaidi ya vyakula vya pakiti. Nairobi ipo Unga Group, na kwa kampuni ya kusaga nafaka hesabu ya mwaka mmoja ni hatari zaidi, maana faida yake inategemea bei ya mahindi na ngano, na wakati mwingine inategemea serikali. Mnakumbuka mwaka 2017, Kenya ilipoweka ruzuku hadi pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ikauzwa shilingi 90. Mwaka kama huo hauwezi kuwa kipimo cha mwaka mwingine wowote, uwe umeleta faida au hasara. Kwa hisa za aina hii mimi hurudi nyuma miaka mitano hata saba, ili mavuno mazuri na ukame vyote viwemo ndani ya wastani.

Ripoti za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa hutolewa bure. Chukua za miaka mitano, andika faida kwa kila hisa kwenye mstari mmoja, mauzo kwenye mstari wa pili, deni kwenye wa tatu. Ukiona faida imeruka huku mauzo yamesimama palepale, fungua maelezo ya kodi kwanza, halafu gharama za matangazo, halafu mapato ya kuuza mali. Kimojawapo kati ya hivyo vitatu mara nyingi ndicho kimebeba ile faida, na ukikitoa, gawanya upya kabla hujampigia dalali.